Nalea mtoto wa marehemu kakangu, na madeni niliyajua

Dadangu wa Malindi, umeuliza kama umrudishe mtoto wa marehemu dadako kwa nyanyake, kwa kuwa mikopo ya simu imefika mitatu na mwenye duka amekufungia daftari. Usimrudishe kabla hujaketi na hesabu. Mimi niko Lamu, Langoni. Mtoto wa kakangu nina naye mwaka wa tano.

Mume wangu ni mvuvi. Upepo wa kusi ukishika, tangu Aprili hivi, bahari huchafuka na mashua hulala pwani siku nyingi. Mwenye duka wetu anajua, huandika deni akangoja msimu wa kaskazi, bahari itulie. Mkopo wa simu haujui kusi wala kaskazi. Siku 30 zikitimia unadai chake, nami nikawa nakopa huku nalipa kule. Pesa ya mahamri ikiingia kwenye simu inakatwa kabla sijanunua unga wa kesho. Moyoni nikaanza kumlaumu mtoto, Mungu anisamehe.

Usiku mmoja nikaandika gharama zake mbali na zetu: sare, viatu, madrasa, dawa, sahani yake. Jumla yake haikufika hata ada na riba nilizokuwa nikilipa simu. Nililia pale pale jikoni.

Basi nikaacha kukopa, hata siku tulipokula uji usiku. Wateja wa mahamri nikawaomba walipe taslimu. Kwa mwenye duka nilikwenda mwenyewe kabla hajanitumia mtu: shilingi 200 kila Ijumaa wakati wa kusi, 1,000 kaskazi ikiingia. Alikubali, akanisomea Al-Baqara aya ya 280, kuwa mdaiwa aliye na dhiki apewe muda. Wakopeshaji wa simu, mmoja alikubali nilipe kidogo kidogo. Mwingine alitisha kuwapigia jamaa zangu wote. Jua kuwa kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza vitisho, na pia kuwasumbua watu walio kwenye simu yako. Hifadhi kila ujumbe.

Upande wa jamaa, niliposema "nisaidieni" kila mtu aliinamisha kichwa. Nilipotaja kitu, nilipata. Ami yake wa Matondoni alichukua viatu na sare za Januari. Mamangu humpa chakula cha mchana. Mmoja hajatoa chochote hadi leo, nami nimeacha kumdai, maana ugomvi ule ulikuwa ukimfikia mtoto masikioni.

Pita pia kwa chifu uulize uandikishaji wa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini. Kaya maskini zinazolea yatima, zikishaandikishwa, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ila usiipangie matumizi kabla haijaingia.

Jambo lililonikaba zaidi ni mashine ya mashua aliyoacha kakangu. Watu wangu wa karibu walinambia niiuze, deni liishe siku moja. Nilikataa. Ile ni mali ya yatima, na deni ni langu. Tunaikodisha, na kila shilingi iko kwenye ukurasa wake, ami yake anautia sahihi. Kama dadako aliacha chochote, hata bangili, kiandike leo mbele ya mtu wa pili.

Mkopo wa mwisho wa simu niliumaliza kaskazi iliyopita. Dukani imebaki 4,000.

Umesema mumeo anafanya kazi hotelini, na kuanzia Aprili wageni hupungua. Niandikie tarehe za mikopo yote mitatu na kiasi cha kila mmoja, tuone upi uanze kulipwa kabla msimu haujafunga.