Niambieni kwanza mlizifunika na nini jana usiku

Mhariri,

Mtu mwenye chapati ngumu asubuhi haulizwi habari za kikaango. Anaulizwa jana usiku alizifunika na nini.

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: chapati zilizobaki jana unazipasha moto vipi, kikaangoni, kwenye maikrowevu au kwa mvuke? Najua watakaowaandikia wengi watataja kikaango, na hawatakuwa wamekosea. Ila swali lenyewe limechelewa. Asubuhi maji yameshamwagika, mnauliza tambara liko wapi.

Na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Chapati ni chakula cha kuliwa siku ile ile. Wali wa kiporo na chai ya rangi umetulea wengi, siusemi vibaya. Ugali wa jana uliobanikwa juu ya mkaa, nao una wenyewe. Chapati, hapana. Anayesukuma chapati kumi na tano kwa watu watano, ama hesabu imempita au hajui njaa ya watu wake. (Kuna viporo vya aina nyingine ambavyo watu wazima wanapenda kuvipasha. Si mada ya leo.)

Nilivyofika hapo ni hivi.

Mwaka 1983, Tanga, Ngamiani, wazee kutoka Pangani walikuwa wanakuja kumposa dada yangu. Wa rika langu mnaukumbuka mwaka ule: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na unga wa ngano ukiupata hutangazi. Mama alizipata kilo 4, sijui kwa njia gani na hakuna aliyemuuliza. Akaanza kukanda baada ya alasiri, maji ya vuguvugu, chumvi, mafuta kidogo, akilikunja donge na kulirudia mpaka likawa laini kama ndewe ya sikio. Akaliacha lipumzike chini ya kanga. Kisha kusukuma, kupaka samli, kukata mpaka katikati, kuzungusha liwe kama konokono, kulisukuma tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, kazi yangu kupepea mkaa na kuhesabu. Nilihesabu 44. Sisi tunaita mikate ya kusukuma. Nyinyi andikeni chapati mkipenda.

Alipoipua ya mwisho ilikuwa usiku sana. Pana panya, pana sisimizi, na pana sisi watoto, ambao alituogopa kuliko hao wote. Basi akazipanga zote zikiwa moto, moja juu ya nyingine, ndani ya ndoo mpya ya plastiki, akabana mfuniko tii. Akaweka na jiwe juu.

Asubuhi alipofungua, mfuniko ulitiririka maji kama umetoka kunyeshewa. Za juu zilikuwa zimegandana. Ukiinua moja zinakuja tano. Za katikati zimelegea kama kitambaa cha kudekia. Za chini kabisa, kumi na moja, nazikumbuka kwa idadi kwa sababu nilitumwa kuzihesabu tena, zilikuwa zimekaa kwenye dimbwi na zimeanza kurudi kuwa unga. Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi, hakusema neno. Wageni walikuwa wa saa nne.

Shangazi ndiye aliyesimama. "Hapa hakuna wa kulia. Leteni nyungo." Akazibandua polepole kwa mkono uliopakwa samli, akazitandaza kwenye nyungo mbili na mkeka uliotandikwa kanga safi, pale uani penye upepo, mpaka unyevu wa juu ukakauka. Akabandika chuma kikavu kwenye mkaa wa wastani. Mama akanyoosha mkono kuchukua chupa ya mafuta, Shangazi akampiga kikofi. "Zina mafuta yake hizo. Ukiongeza unakaanga jana juu ya jana." Akawa anaweka moja, anaikandamiza kwa kitambaa kilichokunjwa, akizungusha mkono, anageuza, anakandamiza tena. Kila iliyotoka alikwenda kuilaza ndani ya kanga iliyokunjwa kwenye sufuria, na mfuniko akauegesha upande, haukufunga. Mpaka leo nikiona mfuniko wa hotipoti umebanwa juu ya chapati za moto, mkono unanitoka wenyewe kwenda kuulegeza.

Zilipona 33. Zile kumi na moja za chini Mama alisema wapewe kuku.

Hapo ndipo Ba alipoingia. Ba ndivyo mtaa mzima tulivyomwita, kama wajukuu zake walivyomwita, mama mzee wa Kigujarati aliyekaa nyuma ya duka, mwenye Kiswahili cha Tanga kizuri kuliko changu. Alikuwa amesikia kelele za Shangazi. Akaangalia sinia, akasema, "Hii mnampa kuku? Kuku kakosa nini cha kula?" Akanituma kwake, akiniita binti kwa lugha yao: "Dikri, niletee kile kikopo cha haradali, na maziwa ya mgando."

Akachanachana zile chapati vipande vya ukubwa wa vidole viwili. Mafuta kidogo kwenye sufuria, yalipopata moto akatupia punje za haradali, zikaanza kuruka na kupasuka, tukarudi nyuma sote. Manjano, pilipili mbichi, kisha maziwa ya mgando aliyoyapiga na maji, chumvi na sukari kidogo. Vilipochemka akamwaga vipande. Jina lake vaghareli rotli, alituambia, na kwao ndicho kifungua kinywa cha rotli, yaani chapati za kwao, zilizobaki usiku. Za kwao ni nyembamba, hazina matabaka ya samli kama zetu, kwa hiyo zikilala hukauka upesi. Zisipoingia kwenye mtindi, huzibanika taratibu huku wakizikandamiza kwa kitambaa mpaka ziwe kavu na kuvunjika kama kaukau, ndiyo khakhra, ambayo mtu anaweza kusafiri nayo siku nyingi. Mimi nilishangaa kwamba watu wanaweza kuwa na majina kwa ajili ya chapati ya jana. Kwetu ilikuwa na neno moja tu, kiporo, na neno hilo halikusemwa mbele ya mgeni.

Wageni wakaja, wakaandaliwa ukumbini zile 33 na mchuzi wa kuku, wakala vizuri. Sasa baba mkubwa wa mposaji akatoka kuja uani kutawadha. Harufu ya haradali ikamkamata. "Humu mnapika nini mnatuficha?" Kabla hajajibiwa ameshavuta kigoda, na Ba, ambaye hakuwa na simile, ameshampakulia. Alikula bakuli mbili. Mama alijifunika uso kwa kanga. Dada aliolewa, ana wajukuu sasa, na kwa miaka yote hiyo mzee yule hakuacha kuulizia "kile chakula cha uani". Mama naye hakuacha kututolea macho. Mgeni wetu kala kiporo.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Na nikiyasoma tena naona jambo linalonitia haya kidogo: siku ile chapati hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ndoo. Msimamo wangu wote wa "chapati hailali" nimeurithi kwenye ile kanga aliyojifunika Mama.

Basi niwajibu swali lenu. Mkate hauwi mgumu kwa kukauka tu. Wanga ulioiva, ukipoa, hujipanga upya na kukaza, na ubaridi wa friji unaharakisha kazi hiyo kuliko joto la mezani. Kwa hiyo kama zitaliwa kesho asubuhi, ziacheni zipoe, zifungwe kwenye kitambaa kikavu, ziwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya friji. Kama ni za wiki ijayo, ziende kwenye friza, karatasi kati ya moja na moja, na zitoke huko moja kwa moja mpaka kwenye chuma. Kuzipasha ni chuma kikavu, kama Shangazi. Ikiwa imekauka sana, inyunyizie matone ya maji kwa vidole kwanza. Maikrowevu siikatai: funga kwenye kitambaa chenye unyevu, sekunde ishirini, na ule hapo hapo, maana ukipokea simu ukarudi utakuta unatafuna ndala. Mvuke sitaki kuusikia, ndio ule ule uliokuwa kwenye ndoo.

Yenye viazi ndani, au iliyochovywa kwenye maharage ya nazi, isilale nje kwa joto letu hili la pwani. Ikiota hata doa moja la kijani, tupa, usikwangue.

Kwa hiyo chapati isilale. Hilo sijalibadilisha. Ila jana nimesukuma kumi na nne na tuko watatu nyumbani, kopo la haradali liko mezani, na maziwa ya mgando yameshanunuliwa.

Mkichapa barua hii, jina langu msiliweke. Mama bado yu hai, na gazeti lenu ndilo analosomewa kila wiki.

Msomaji wenu, Tanga