Vinanda vingi, chumba kimoja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kinanda katika kwaya yetu hapa Tabora, lakini wanafunzi wanane wakipiga kwa wakati mmoja hakuna anayejisikia. Nifanyeje?

JIBU: Ipo mitambo inayounganisha kila kinanda na meza ya mwalimu, ambaye kwa hedifoni yenye maikrofoni humsikiliza mwanafunzi mmoja na kumsahihisha bila kuwakatiza wengine, au huwaunganisha wawili wapige pamoja, bei yake, hata hivyo, si ya kwaya nyingi. Anza na hedifoni za waya, kwani zile za Bluetooth huchelewesha sauti, na vinanda vingi vya umeme hunyamazisha spika zake mara hedifoni inapochomekwa. Ukikuta tundu la hedifoni kwenye kinanda ni la milimita 6.35, yaani pana kuliko pini ya hedifoni yako, tafuta adapta ya kuviunganisha. Kigawanyo cha waya, kinachoruhusu hedifoni mbili kutumia tundu moja, kitakuwezesha kusikiliza pamoja na mwanafunzi. Robo saa ya mwisho ya kipindi vueni hedifoni, wazoee kwenda pamoja.