Usilale njaa, dada, anza na chai
Dada, umeuliza kama ukiacha kabisa chakula cha usiku utapungua kilo kumi kabla ya harusi ya nduguyo mwezi ujao. Nakuomba usifanye hivyo. Kasi iliyo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mwili ukishindishwa njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na uzito hurudi upesi.

Mimi ningeanza na chai. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Ukitia vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 48, na bado hujagusa mahamri! Shirika la Afya Duniani linasema tusizidi 50 kwa siku, na bora chini ya 25. Punguza kijiko kimoja. Ulimi ukizoea, punguza kingine. Mahamri matatu yawe moja, mbaazi uziongeze kwa tui jepesi, zinashibisha kweli. Wali wa nazi usiuache, ila pakua kidogo, samaki na mchicha vijaze sahani.

Halafu tembea. Kutoka Lamu mjini hadi Shela kwa njia ya pwani ni kama kilomita 3. Nenda kwa mguu alasiri maji yakiwa yametoka, ukichoka urudi kwa boti.

Kama unatumia dawa za sukari, muone daktari kwanza, maana ukipunguza chakula ghafla sukari inaweza kushuka vibaya.