Mtandao ukikata: kutuma maandishi kwa redio, na yaliyotukuta mlimani Morogoro

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una redio ya mkononi aina ya Baofeng, una kompyuta ya zamani, na mafuriko yalipopita kwenu mnara wa simu ulinyamaza siku mbili. Unataka kujua kama unaweza kutuma maandishi kwa redio bila laini wala intaneti, na ununue nini tena. La kwanza jibu ni ndiyo. La pili ngoja kidogo, maana mimi nilitanguliza kununua, na siku tuliyotoka nje kwa mara ya kwanza tulipoteza asubuhi nzima bila kupeleka sentensi moja kamili.

La leseni tulimalize mapema. Kwa Tanzania ni TCRA, kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Bila leseni ya redio ya ridhaa (redio ya watu binafsi wasiofanya biashara) usibonyeze kitufe cha kurusha, hata kama "ni majaribio tu". Ukiwa unaisubiri, chukua kompyuta mbili, unganisha waya wa sauti kutoka tundu la hedifoni la moja kwenda tundu la maikrofoni la nyingine, weka Dire Wolf, programu inayogeuza maandishi kuwa milio na milio kuwa maandishi, kote kote, zitumiane ujumbe hapo mezani. Hakuna wimbi linalotoka nje, na nusu ya somo utakuwa umeshaipata.

Ndani yake kuna hivi. Kompyuta inakatakata ujumbe wako vipande, ndizo pakiti, kila kipande kinapewa anwani yako, anwani ya unayemtumia na namba ya ukaguzi, kisha kinageuzwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa 2200. Redio inaona ni sauti tu, kama vile unaongea. Kasi ni biti 1200 kwa sekunde, kwa hiyo sahau picha. Lakini kipande kikiharibika njiani, hata kwa biti moja, namba ya ukaguzi inakataa na kipande chote kinatupwa. Mkiwa mmeunganishwa rasmi, kinatumwa tena mpaka kifike kizima. Kwa mdomo, "dripu kumi na saba" inaweza kufika "kumi na saa", na mtu akaitikia "nimekupata" huku hajakupata. Orodha ya dawa kwa pakiti hufika ilivyo au haifiki kabisa.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa watatu. Mmoja alibaki Kihonda, mmoja Bigwa, mimi nikapanda Morningside, pale penye jengo la zamani la Wajerumani juu ya mji. Anayeijua Morogoro ataelewa kwa nini: Kihonda na Bigwa hazionani kwa wati 5, kuna nyumba, miti na miguu ya Uluguru katikati, ila wote wawili wanauona mlima. Kazi yangu ilikuwa kuwa dijipita, kituo kinachopokea pakiti ya huyu na kuirusha upya ili yule aisikie. Mezani kwangu ilifanya kazi vizuri sana.

Mlimani, nasikia milio ya Kihonda wazi kabisa, mikwaruzo ile ya faksi, lakini kwenye skrini hola. Katika kumi inapita moja. Hiyo moja Dire Wolf ikaiandikia kiwango cha sauti 190 pamoja na onyo kwamba ni kikubwa mno, kilete karibu na 50. Nikapunguza kitufe cha sauti cha redio yangu hadi 50. Bado. Kumbe tatizo la pili lilikuwa kwa mwenzangu: kompyuta yake ilikuwa imefunguliwa sauti asilimia 100 kuingia kwenye maikrofoni ya redio, redio inakata vichwa vya mawimbi, kinachotoka ni kelele tupu. Sikio la binadamu linaona iko sawa. Programu haioni hivyo.

Dawa yake haina kipimo cha bei ghali. Mtu wa tatu asikilize kwa redio nyingine. Anayerusha aanze chini kabisa, apandishe polepole. Sauti itaongezeka, itaongezeka, halafu itafika mahali unapandisha na haiongezeki tena. Hapo ndipo redio imeanza kukata. Rudi nyuma kidogo, weka alama kwa kalamu ya wino mzito, na usiruhusu mtu aguse. Kwa mwenzangu ilikuwa kama asilimia 15. Ile alama ya kalamu ni ya thamani kuliko antena niliyoagiza kutoka nje.

Kwa Baofeng yako, kuna mambo matatu kwenye menyu. Zima kuokoa betri (SAVE), kwa sababu redio ikisinzia inakosa mwanzo wa pakiti, na pakiti isiyo na mwanzo ni takataka. Zima kusikiliza masafa mawili kwa zamu (TDR). Weka SQL (kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi) sifuri, ivume muda wote. Kisha kwenye Dire Wolf ongeza TXDELAY. Ya kawaida ni 30, maana yake milisekunde 300 za kusubiri kabla data haijaanza. Sisi tuliweka 50. VOX, yaani redio kuanza kurusha yenyewe ikisikia sauti, itakudanganya: inafanya kazi, ila inachelewa kuachia, na mwenzako anaanza kujibu wewe bado umekalia masafa. Tafuta kiunganishi chenye waya wa PTT, yaani kompyuta ndiyo ibonyeze kitufe cha kurusha.

Kituko kingine: kila nikirusha, mshale wa kompyuta unaganda. Nilidhani ni virusi. Ilikuwa ni antena fupi ya redio iliyokaa nusu mita kutoka kwenye waya wa USB, mawimbi yanaingia humo yanachanganya kila kitu. Nikatundika antena ya waya kwenye mti kwa kamba na jiwe, nikaishusha kwa kebo ya mita 8, mshale ukatulia. Usirefushe sana hiyo kebo lakini. Kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 30 kwenye masafa haya inakula takriban robo tatu ya nguvu yako, umepanda mti bure.

Jua nalo. Saa sita mchana skrini haisomeki kabisa, na hakuna kitabu chochote kilichoniambia hilo. Niliishia kujifunika kitenge kichwani pamoja na kompyuta, kama wapiga picha wa zamani wa stendi. Vijana waliopita walicheka, mmoja akaenda kumwambia mjumbe kuna mtu ana waya mtini na anajificha. Mjumbe alikuja kwa heshima, nikamwonyesha leseni, nikamwacha asikilize milio, akaniuliza kama inapata mpira. Tangu hapo tunaanza kwa mwenyekiti siku moja kabla. Siku ya maafa watu watakuwa na hofu, ni vizuri sura yako wawe wameshaizoea.

Lililonishtua kuliko yote halikuwa la umeme. Tulikuwa tumetunga ujumbe wa mazoezi: gari la dawa liondoke Bigwa saa nane. Wa Kihonda akaandika kwenye daftari 8:00. Wa Bigwa alimaanisha saa nane mchana, yaani 14:00. Na programu kwenye kumbukumbu zake inaandika saa ya UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo 14:00 yetu pale inasomeka 11:00. Nyakati tatu tofauti kwa gari moja, na pakiti zote zilifika bila kosa! Sasa hivi kwenye fomu yetu ya karatasi kuna kisanduku cha saa cha tarakimu nne, saa za hapa, na neno "saa nane" ni marufuku. Ujumbe unaandikwa kwanza kwa mkono, anayetuma anaunakili, anayepokea anaunakili tena, jioni tunalinganisha karatasi mbili.

Sheria nyingine ya mazoezi: simu zizimwe. Siyo kuwekwa kimya. Mara ya kwanza tulikuwa tunapigiana "imefika?" kila dakika, huo ni uongo. Na nilipokwama nikafungua mwongozo kwenye intaneti, siku ya mafuriko ningefanyaje? Mwongozo pakua, mafaili ya mipangilio nakili kwenye flashi, yale muhimu andika kwenye karatasi na uifunge kwenye nailoni.

Ukitaka kupeleka barua pepe nje ya mkoa kuna mfumo wa Winlink, lakini lazima mahali fulani pawe na kituo cha lango chenye intaneti. Lango la mjini kwako ukilifikia kwa VHF, masafa ya karibu kama ya Baofeng yako, ni raha, mpaka ukumbuke Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa hali ile unahitaji redio ya HF, inayofika mbali, na lango la nchi ya mbali. Hiyo ni gharama nyingine, usianze nayo.

Na usisahau kwamba haya yote yanasomeka. Redio ya ridhaa si mahali pa kuficha maana kwa msimbo, kwa hiyo jina la mgonjwa na ugonjwa wake visiende hewani pamoja. Sisi tunatumia namba, majina yanabaki kwenye karatasi huku na huku.

Kama huko uliko uko peke yako na leseni umeshapata, kuna mwenza wa bure juu: kituo cha anga cha ISS kina dijipita kwenye 145.825 MHz, inapokuwa imewashwa. Kinapita kwa takriban dakika kumi, toka uwanjani, rusha pakiti fupi, ukiisikia inarudi na jina lako basi waya zako ziko sawa.

Kuhusu kununua: kiunganishi chenye PTT, waya wa antena, na betri. Kompyuta ndiyo mlaji mkubwa, siyo redio, kwa hiyo pima kwanza yako inakaa saa ngapi. Tunapanda tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiweza kufika njoo PM tupange. Kitenge uje na chako.