Muhogo una mbegu au hauna?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu aliandika kwenye mtihani kwamba muhogo hupandwa kwa mbegu, akatiwa kosa. Mwalimu wake kawaambia muhogo hauna mbegu. Nyanya yake, aliyelima hapa Kisauni tangu ujana, hataki kusikia: vile vijiti anavyokata kila masika yakikaribia ni "mbeyu za mihogo". Nani ana haki?

Jibu: Marahaba. Nyanya ana haki. Mwalimu ana nusu.

Mbegu, au mbeyu kwa Kimvita, ni chochote kinachotengwa ili kizalishe. Neno hilo huangalia kazi ya kitu, halikiulizi kimezaliwaje. Ndiyo maana tuna nazi ya mbegu na viazi vya mbegu, na dume la mbegu pia, ambalo siku hizi mitaani halina tena miguu minne.

Sayansi huuliza nasaba. Kwake, mbegu ya mmea wa maua sharti itoke kwenye ua: chavua ifike sehemu ya kike, chembe ya kiume ikutane na yai. Huo ndio uzazi wa jinsia. Kijiti cha nyanya hakikupitia huko. Ni kipande cha mwili wa mama, na kitakachoota ni mama yuleyule, kwa utamu wake na kwa maradhi yake. Ukikata kwenye muhogo wenye ugonjwa wa batobato, umepanda batobato. Kwa hiyo maafisa wa kilimo huhimiza "mbegu safi ya muhogo", nao wanakusudia vijiti vivyo hivyo. Sijasikia wao wakitiwa kosa.

Lakini kusema muhogo hauna mbegu si kweli hata kwa sayansi. Muhogo hutoa maua, ukazaa vitunda ambavyo kwa kawaida kila kimoja kina mbegu tatu zenye mabaka kama za mbono. Watafiti huzitumia kupata aina mpya. Mkulima haziwekei shamba, kwani kila mche huja na tabia zake.

Kwenye mtihani mtoto aandike "kipande cha shina" au "pingili". Kwa viazi vitamu tunayo marando, na mgomba una chipukizi. Mwalimu akiyafundisha maneno haya, ugomvi utapungua.

Halafu kuna mkoko. Jambo likiwa ndio linaanza husemwa mkoko ndio kwanza unaalika maua. Maua hayo yakishika, mbegu huota ingali juu ya mti. Kinachoning'inia pale ufukweni Tudor, kirefu na cha kijani, ukikiona utadhani kijiti, kumbe ni zao la ua, tena kishaota kabla hakijadondoka topeni. Nyanya akikiita mbeyu, mwalimu atasema ni mche, na hapo mimi sitaingia kati.