Kadi ya kwanza ya mkopo

SWALI: Mhariri, niliajiriwa miezi minne iliyopita katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, na mshahara wangu hupitia benki. Juzi afisa mauzo wa benki nyingine alikuja kazini na fomu za kadi ya mkopo, akatuambia kwamba hakuna riba kwa siku 50. Wenzangu walisaini siku hiyo hiyo, lakini mimi nilisita, kwa kuwa mwaka jana nilichelewa kulipa mkopo wa simu wa shilingi 1,500. Je, niombe, na nikiomba nitapewa?
Mfanyakazi mpya, Mombasa

JIBU: Ulifanya vyema kusita, dada. Ukilipa dukani kwa kadi ya ATM, fedha hutoka katika akaunti yako papo hapo, ilhali kwa kadi ya mkopo benki ndiyo humlipa mwenye duka, nawe ukabaki na deni.

Hizo siku 50 zipo, ila humfaa zaidi anayejua tarehe zake. Tuseme benki hufunga hesabu tarehe 15 ya kila mwezi na kutaka malipo ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Jokofu ulilonunua tarehe 16 Juni litaingia katika hesabu ya Julai, ulilipe tarehe 5 Agosti, na hapo ndipo siku 50 zinapotimia. Ungelinunua tarehe 14 Juni, ungedaiwa tarehe 5 Julai, yaani baada ya siku 21 tu. Isitoshe, nafuu hiyo ni ya mtu anayelipa deni lote. Kwenye taarifa ya kila mwezi utaona pia kiasi kidogo kinachoitwa malipo ya chini, na wengi hudhani wakikilipa hicho wamemaliza. Chukua deni la shilingi 20,000, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi na malipo ya chini ya asilimia 5: utatoa shilingi 1,000, riba imeze 700, na deni lipungue kwa 300. (Afisa mauzo sijui kama aliwafanyia hesabu hiyo.) Kutoa fedha taslimu kwa kadi hii ni ghali zaidi, kwa sababu kwa kawaida hutozwa ada na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile.

Kuhusu mkopo wa simu, benki itatazama rekodi zako katika kampuni za taarifa za mikopo, ambazo hapa Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Ichukue kabla ya kujaza fomu yoyote, uhakikishe kwamba deni lile limeandikwa kuwa limelipwa. Kuchelewa pekee si lazima kukunyime kadi. Kinachoweza kukukwamisha zaidi ni muda wa majaribio kazini, kama bado hujathibitishwa.

Ningekushauri uanze na benki inayopokea mshahara wako, maana tayari inaona mapato yako. Beba kitambulisho, cheti cha PIN cha KRA, hati za mshahara za miezi mitatu na barua ya ajira. Wakikukatalia, uliza kama wanatoa kadi inayodhaminiwa na amana yako mwenyewe. Wakikubali, omba kikomo kisichozidi kile unachoweza kulipa chote kwa mshahara wa mwezi mmoja, hata wakikupa zaidi, kisha uagize deni lote likatwe moja kwa moja siku chache baada ya mshahara kuingia.