Kabla hujamwaga seli juu ya titani

Wadogo zangu mnaoanza maabara, lishikeni hili kabla hamjashika pipeti: seli ya mfupa haikutani na titani tupu, chuma tunachopandikiza mwilini. Kipande kikishalowa damu au lishe ya seli, protini hukiwahi ndani ya sekunde chache. Seli ikifika inakuta wenyeji. Kazi yetu ni kuhakikisha mwenyeji ni yule tunayemtaka.

Tunayemtaka mara nyingi ni fibronektini, protini inayosaidia seli kujishikiza. Ndani yake kuna asidi amino tatu zinazofuatana, ajinini, glaisini na aspatiki. Watafiti Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha mwaka 1984 kwamba hapo ndipo seli inapojishikiza, kwa vipokezi vyake viitwavyo integrini. Lakini protini ikikauka au ikilala vibaya juu ya chuma, sehemu hiyo hufichika. Kwa hiyo ukishasuuza, usiache kipande kikauke hata kidogo.

Mimi nilipoteza miezi miwili. Nilipaka fibronektini nusu ya vipande, nusu nikaviacha vitupu, kisha vyote nikavimwagia seli ndani ya lishe yenye seramu ya ndama, yaani majimaji ya damu yake. Kesho yake, chini ya hadubini, seli zilikuwa zimetandaa kotekote, hakuna tofauti. Nililaumu protini, nikaagiza nyingine. Kumbe seramu yenyewe imejaa fibronektini na vitronektini, protini nyingine inayoshikisha seli, nami nilikuwa navipaka vile vitupu bila kujua! Pima mshikamano wa saa ya kwanza bila seramu, ziba mapengo kwa albumini, protini ambayo seli hazijishikizi kwayo, na uwe na kipande chenye albumini peke yake.

Kile kitupu nacho usikidharau. Daktari Msweden Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya meno vya titani huko Göteborg mwaka 1965, na mfupa ulivishika bila protini yoyote ya kupakwa. Upako wako unashindana na hicho.

Usafi nao. Dondosha tone la maji: juu ya titani iliyosafishwa sasa hivi linatanda, juu ya iliyokaa wiki kabatini linajikusanya kama shanga, kwa sababu ya uchafu wa kaboni kutoka hewani. Mimi hudondosha kila asubuhi, kwenye kipande cha majaribio.

Na otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, iwe kabla ya kupaka. Kwenye nyuzi 121 fibronektini haibaki na umbo lake.